Matufaha Kando ya Hayasinti Zangu

Nyumbani kwa Marlys,
Vriesburg, Michigan.
19 Februari 1987

Mpendwa mdogo wangu Egbert,

Pokea salamu kutoka kwenye baridi. Hujambo wewe? Wifi yangu Moira hajambo, na lile goti linamwacha alale? Wajukuu je? Nasikia huko New Zealand sasa ni joto na mnachuma nyanya. Kuleni na fungu langu. Sisi huku theluji imefika kwenye vizingiti vya madirisha, na mbwa wa Duane akitoka kwenda haja anarudi mbio kama anafukuzwa.

Mimi sijambo. Nyonga imeunga. Daktari anasema imeunga vizuri kwa mtu wa umri wangu, na hilo la umri wangu lingeweza kubaki kinywani mwake. Natembea na fremu ya chuma. Nakula, nalala, nasali. Basi.

Barua yako ilifika. Najua Marlys alikutumia karatasi za kuuza nyumba kabla ya Krismasi, na najua hujazitia sahihi, maana badala ya kumjibu yeye umeniuliza mimi. Umefanya vyema. Baba alituachia sote wawili nyumba ile niliyokuwa nikikaa. Bila sahihi yako haiuziki, na bila yangu pia haiuziki. Usishike kalamu kwanza. Acha nikueleze mambo yalivyokwenda, maana nisipokueleza yote hutaelewa.

Tangu nianguke Novemba niko hapa kwa binti yangu, mpwa wako Marlys, na mumewe Duane. Chumba changu ni cha juu, dirisha linatazama gereji. Ngazi nimekatazwa. Mlango wa bafu nimekatazwa kuufunga kwa ndani. Kahawa naletewa, ile isiyo na nguvu. Kila anayepita mlangoni anauliza, "Umekaa vizuri, mama?" Nimekaa vizuri mpaka nataka kupiga mayowe! Egbert, nimefungwa. Nimefungwa kwa mablanketi na supu ya njegere, na hata wa kumshtaki sina, maana hakuna aliyenikosea.

Kumbuka kanisa letu na zile hayasinti za Februari, maua yenye harufu nzuri, zile ambazo akina mama huwapelekea tunaowaita Wasiotoka, yaani wagonjwa na wazee wanaoshinda ndani majira yote ya baridi. Mimi na marehemu mume wangu Menno ndio tuliokuwa tukizikuza nyingi kuliko wote. Oktoba unavipanda vitunguu vya maua kwenye vyungu, unavishusha kwenye ghala la chini ya nyumba, kwenye giza na baridi, navyo vinadhani viko bustanini chini ya theluji. Karibu miezi mitatu hivi unaviacha. Ukivipandisha kwenye mwanga, nje bado kila kitu kimekufa, na ndani kwako kumechanua, nyumba nzima inanukia.

Msimu huu nilivipanda kabla ya kuanguka. Vikabaki kule nyumbani ghalani, na mimi nikaletwa huku.

Jumapili moja Bernice Hoekstra akapanda ngazi akihema, amekumbatia chungu cha dukani kilichozungushiwa karatasi ya kung'aa, akaniwekea mapajani. "Shoga, usinikasirikie," alisema. "Jina lako limesomwa kwenye orodha ya Wasiotoka." Nilicheka naye, nikamwuliza habari za paka wake. Alipoondoka nililia. Na ua lenyewe, heri wasingelileta! Limelegea, limefungwa kwenye kijiti kama mlevi anayeshikiliwa na rafiki yake.

Sasa sikiliza ya Duane. Tulikuwa mezani, akasema kwa furaha kabisa, "Yale matufaha nimeyahamishia kwenye ghala la mama. Kule baridi ni nzuri, na nafasi imekaa bure tu."

Niliweka kijiko chini. "Duane, kuna vyungu vyangu mle."

"Sijavigusa, mama. Nimeyapanga pembeni yake tu."

Pembeni yake tu! Ni mkwe mwema yule, sina la kusema, lakini ameuza matrekta maisha yake yote na hajui kwamba matufaha yanatoa hewa inayoliua ua likiwa bado ndani ya kitunguu. Majani yatatoka vizuri, utafurahi, utasubiri, na katikati hamna kitu. Nikawaeleza. Marlys akasema tutakwenda Jumamosi. Jumamosi theluji ilifunga barabara. Jumamosi ya pili Duane alikuwa na mafua. Nilipouliza tena, Marlys alinishika bega kwa upole akasema, "Mama, ni maua tu." Nikanyamaza. Wewe unajua nikinyamaza vile huwa kuna jambo.

Bernice bado anaendesha gari, ingawa upande wa kushoto haoni vizuri na hataki kuambiwa. Wiki iliyopita, Marlys akiwa kazini, nilimpigia simu kwa kunong'ona kama msichana anayetoroka. Alikuja amevaa koti lake zuri, kwa sababu alikuwa na miadi saluni. Kwenye ngazi alitangulia yeye. "Ukianguka unaniangukia mimi," alisema, "tuzikwe pamoja, watapunguza gharama." Tukashuka hivyo hivyo, tunacheka na kutetemeka.

Alinifungulia nyumba kwa ule ufunguo wa akiba tuliompa zamani, akanikalisha jikoni. "Usithubutu kwenda ghalani, Fenna."

"Nani kasema naenda ghalani? Nenda katengeneze nywele zako."

Gari lilipopinda kona nilisimama. Fremu haishuki ngazi zile, unazijua zilivyo wima, kwa hiyo niliiacha juu nikashuka kwa makalio, na sketi yangu ya kanisani. Nikafika. Egbert, vilikuwa vizuri! Machipukizi meupe, yana umanjano kidogo, yamenyooka yote pamoja kwenye kila chungu. Na makreti ya matufaha ya Duane yamevizunguka. Niliyasukuma kwa mguu mzima mpaka ukuta wa mbali, nikarudi kwenye vyungu, nikakaa juu ya ndoo, nikajiona mshindi.

Halafu nikataka kupanda.

Mguu ulikataa. Nilijaribu kwa kushika ukingo, nikajaribu kinyumenyume, nikajaribu kwa magoti, nikarudi chini kila mara. Mikono yangu haina nguvu tena ya kuuvuta mwili huu. Simu ya nyumba ilishakatwa, na hata ingekuwepo iko jikoni. Majirani wako Florida mpaka Aprili. Kidirisha cha ghala kikaanza kuwa cheupe, kisha kijivu, nikajua theluji ya ziwani imeshuka tena na Bernice hatatoka saluni. Niliita. Niliita jina la Menno, nikijua kabisa kwamba amekufa.

Niliogopa. Sijamwambia mtu mwingine neno hilo. Nilivaa lile koti kuukuu la Menno linaloning'inia karibu na tanuri la kupasha nyumba joto, nikala tufaha la Duane kwa njaa, nalo lilikuwa tamu, nikazidi kukasirika. Na pale ndipo nilipoelewa jambo ambalo nimelikimbia majira yote haya. Nilikuwa nimelia kila siku nirudishwe nyumbani kwangu. Haya, nilikuwa nyumbani kwangu. Kule chumbani kwa Marlys nilikuwa nimekatazwa ngazi. Hapa hakuna aliyenikataza, na bado zilinishinda.

Bernice alishindwa kuvumilia, akampigia Marlys simu kutoka saluni, na vibiringizi vya nywele bado viko kichwani, akaungama yote. Nilisikia mlango wa jikoni, nikasikia buti zake juu yangu, nikajiandaa kwa ugomvi. Maneno nilikuwa nayo tayari, makali.

Hakunigombeza. Alishuka nusu, akaketi kwenye ngazi na theluji yake kichwani.

"Umeumia, Mama?"

"Sijaumia."

"Una baridi?"

"Kidogo tu."

Kisha akasema, wala hakupaza sauti, "Nikikuacha hapa, silali. Nikikuweka kwangu, unanitazama kama askari jela. Duane ananiambia nipumzike, nipumzike wapi? Sasa niambie wewe nifanye nini, Mama, maana mimi nimeishiwa." Akachomoa ufunguo wa nyumba kwenye funguo zake, akanifumbatisha mkononi. "Ukitaka kurudi, rudi. Nitakuletea vitu vyako kesho. Sikuzuii tena."

Alinipandisha kwa kunisukuma kutoka nyuma, bega lake chini yangu, tunapumzika kila baada ya ngazi moja. Alikuwa analia. Nilijifanya sisikii, yeye akajifanya anahema. Aliponifikisha kwenye gari alirudi ndani, akabeba vyungu vyote kimoja kimoja kwenye theluji ile, wala sikuwa nimemwomba.

Sasa viko kwenye ubaridi wa gereji, karibu na dirisha, ili vizoee mwanga polepole. Majani yanapendeza. Lakini kila asubuhi naminya shingo ya kila kitunguu kwa vidole viwili, taratibu, kutafuta kama ua limo. Kwenye vichache nasikia kitu kigumu ndani. Vingine ni laini tu. Duane anasimama mlangoni, hathubutu kuingia, anauliza, "Vipi, mama?" Namwambia bado. Matufaha ameyagawa yote kwa majirani, maskini, hata yale tuliyotaka kupikia pai hakuyabakiza.

Ufunguo uko hapa mezani ninapoandikia. Tangu siku ile hakuna anayenikataza chochote. Jana nilisimama juu ya ngazi na fremu yangu. Marlys alikuwa chini jikoni, aliniona, akaendelea kumenya viazi. Nilisimama mpaka nikachoka, nikarudi kitandani mwenyewe. Afadhali siku zile alipokuwa akinizuia, Egbert. Wakati ule nilikuwa na mtu wa kumlaumu.

Nisalimie Moira, mwambie ile sweta niliyomwahidi nimeifuma mpaka kwenye kola. Nisalimie Pieter na mkewe, na mtoto wao mchanga ambaye sijamwona hata kwenye picha. Bernice anakusalimu, nywele zake upande mmoja zilitoka vizuri. Duane naye anasema karibu uje kuvua samaki kwenye barafu, najua hutakuja.

Naona nazungukazunguka tu, na kahawa imeshapoa.

Marlys hajui nakuandikia nini, na hajalitaja jambo la nyumba tena, wala hatalitaja, namjua. Kwa hiyo naweza kulisema mwenyewe kwa kinywa changu. Uza. Tia sahihi na urudishe karatasi kwa posta ya kwanza, kabla sijapata barua yako nyingine ya kuniuliza kama nina hakika, maana ukiniuliza tena nitasema hapana.

Mungu akushike wewe na nyumba yako, akupe mwisho mwema wa kiangazi.

Mimi dada yako, anayekupenda tangu ulipokuwa ukibebwa mgongoni kwangu,

Fenna