Mvua Iliyomo Ndani ya Kompyuta

Newala, Jumamosi. Ukungu umepanda kutoka bondeni Ruvuma mpaka dirishani kwangu, hata mkorosho wa uani siuoni. Ni kama nyumba imeng'oka usiku na sasa inaelea peke yake. Naandika kwa simu, maana kompyuta leo haitakiwi kusumbuliwa.

Shule niliiachia darasa la nne, lakini namba nazisoma. Tangu asubuhi natazama namba moja pembeni mwa kioo: thelathini na nane. Hilo ni joto la diski. Ikifika arobaini na tano, nisimamishe. Hamsini na tano, nizime kabisa.

Ndani ya diski hiyo imo sauti ya marehemu mume wangu, Baba Somoe. Mwaka wake wa mwisho alijirekodi akieleza mikorosho yake mmoja mmoja, taratibu, huku anakohoa, na nyuma yake mvua inapiga bati. Haipo mahali pengine popote. Diski ikiungua, nitakuwa nimemzika mara ya pili.

Wiki nzima kompyuta ilikuwa ikijizima mchana. Nikalaumu umeme. Nikawalaumu wanangu kwa simu, kila mmoja kwa zamu yake. Juzi akaja jirani yangu, Mwalimu Neema, anayefundisha kompyuta sekondari. Akaniamkia, akaligusa boksi la kompyuta, akarudisha mkono haraka.

"Bibi, hili umelivika nini?"

"Kitambaa. Nimekifuma mwenyewe. Kwangu vitu havikai uchi."

"Na mbona kimeloa?"

"Nililiwekea kanga ya maji. Si lina homa?"

Alicheka mpaka akakaa chini. "Bibi, utaliua! Hapa ulipofunika ndipo linapopumulia."

Nilinuna. Binti wa juzi, katoka huko Bukoba, aje anifundishe kutunza nyumba! Nikamwambia kwao hawalijui vumbi. Lakini alipofungua ubavu wa boksi, udongo mwekundu uliomwagika mle ungetosha kupanda muhogo.

Basi niandike ukweli. Haukuwa umeme, hawakuwa watoto. Ni kitambaa changu.

Neema akaniambia diski imechoka, nihamishe sauti zote kwenye nyingine asubuhi kungali baridi, kidogo kidogo. Ndiyo kazi ya leo. Boksi liko wazi, feni ya mezani inalipulizia ubavuni, nami nimekaa na shuka mabegani kama ninayeuguza.

Jua likatoboa. Mkorosho ukarudi mahali pake. Arobaini na moja. Arobaini na tatu. Arobaini na tano, na faili la mwisho limefika nusu. Nikasimamisha. Nikangoja. Feni inazunguka, nami nasinzia nikiwa macho, naiona mikorosho yake inapita mbele yangu mmoja mmoja.

"Shuka, we!" nikaikaripia namba. "Nimekwambia shuka!"

Ikashuka. Nikaendelea.

Imekwisha. Kitambaa nimekihamishia juu ya mtungi, huko kinafaa. Kisha nikafungua ile nakala mpya, nihakikishe kwamba yumo.

Kikohozi. Mvua kwenye bati. Halafu yeye, kama yuko mlangoni:

"Mama Somoe! Mvua hiyo, toa ndoo!"

Nje jua kali, mbingu tupu, na maji bado tunanunua.

Nimetoa ndoo.