Pete ya Chuma kwenye Uwanja wa Ndege

Na pete ile ipo kweli, Babu mpendwa. Nimeigusa kwa mkono huu ambao hina ya harusi bado haijafutika.

Shikamoo, Babu. Najua ni miguu iliyokuzuia kuja Lushoto harusini kwangu, ingawa moyo ulininong'oneza kwamba labda ni mimi.

Unakumbuka ile Idi nilipokuwa kidato cha pili? Uliwasimulia wageni jinsi wanajeshi walivyotafuta vijana wa kutengeneza uwanja wa ndege wakati wa vita, nawe ukashuka nyikani na panga lako. Mling'oa visiki, mkapanga mawe pembezoni na kuyapaka chokaa ili rubani ayaone kutoka juu. Ndege zikitua, ukasema, mlizifunga kamba kwenye pete za chuma, upepo usizichukue. Mimi, msomi wa nyumba, nikauliza, "Babu, hizo ndege zilikuwa zinakula majani?"

Nyumba nzima ilicheka. Wajomba wakakuita mchunga ndege mpaka wageni wakaondoka. Ulitabasamu, ukachukua kofia yako ukatoka. Tangu siku hiyo hukuutaja tena uwanja ule.

Wiki iliyopita Shabani wangu (nikimtaja tu nacheka peke yangu) alipeleka karoti Mombo, nami nikadandia pikipiki. Wakati wa kurudi nikamwomba tupite kwenye uwanja wako. Wachunga mbuzi walituelekeza. Bado wanapaita uwanjani, ingawa hakuna kati yao aliyewahi kuona ndege ikitua. Nyasi zimefika kiunoni, mkonge umejiotea katikati. Tulilala chali tukaitazama milima yetu, imekuwa ya bluu, imebeba wingu. Sikujua kama nimesinzia. Nilikuona kijana, mikono myeupe kwa chokaa, umeinua uso, unasikia mngurumo kabla ya wenzako.

Tulipoinuka, Shabani akajikwaa. Alipiga magoti, akakwangua udongo kwa ufunguo wa pikipiki. Saruji, kisha pete nene, imeliwa na kutu.

"Mke wangu, babu yako alikuwa anasema kweli."

Nililia, Babu. Alinifuta machozi kwa ncha ya mtandio wangu, akasema maneno ya toba niliyonayo si ya kumwambia yeye, niyapeleke kwa mwenyewe.

Nina furaha nyingi siku hizi, nyingi hata naiogopa. Naamka namkuta pembeni yangu, najiuliza nimefanya wema gani. Lakini kuna mahali furaha hiyo haifiki, hapo uliponyamaza kwa sababu yangu. Nisamehe, Babu. Barua hii sikuifunga, ili wajomba nao waisome, maana tulicheka pamoja.

Kabla mwezi huu haujaisha tutapanda mlima kuja kwako Bungu, mimi na mume wangu. Nitakaa mkekani mbele yako, wajomba wote wakiwepo, nikuombe usimulie upya tangu asubuhi ile mliyoshuka. Ukikataa, nitakuwa nimestahili. Ukikubali, sitatia neno.

Wako anayekupenda,
Mjukuu wako, bi harusi wa wiki tatu