Miti ya Mteremko wa Makaa

Jumatatu, 6 Aprili 1998

Wanjala,

Nimemwagilia miche asubuhi, kama jana. Bado iko kwenye kivuli cha jikoni. Mvua imeanza vizuri na hakuna hata mmoja uliopandwa. Watu wa ukoo wenu wanachosha.

Bwana Simiyu, afisa wa mradi wa kupanda miti kutoka Kitale, alikuja na futi yake ya kupimia. Anasema Ulaya kuna mitambo ya kunasa moshi wa viwanda na kuusukuma chini ya miamba. Ghali mno, hata kwao. Hapa wanajaribu njia rahisi: mti unavuta hewa ile ile ya moshi na kuiweka ndani ya mbao. Kazi yake ni kupima kama njia hii itafaa huku, na kama haifai, kwa nini. Amechagua mteremko wetu, pale ulipokuwa ukichoma makaa. Nilicheka peke yangu. Ulikuwa ukirudi na kope nyeupe kwa majivu.

Alhamisi, 9 Aprili

Nilichimba mashimo. Kaka yako Wafula ameyafukia. Yote. Kwa jembe langu.

"Mulamwa, shemeji yangu, mwanamke wa kwetu hapandi mti. Anayepanda mti anasema shamba ni lake."

"Mwenye shamba amekufa, shemeji. Nani mwingine aseme?"

"Ndiyo maana nimefukia."

Nimekasirika sana. Mahindi nimeruhusiwa. Maharagwe pia. Hayo huvunwa yakaisha. Mti hukaa. Mradi unautaka kwa sababu hiyo, na Wafula anauogopa kwa sababu hiyo hiyo.

Jumapili, 12 Aprili. Pasaka

Sikusikia mahubiri. Mizizi ya miche imeanza kutoboa karatasi zake za nailoni.

Jumatano, 15 Aprili

Simiyu amezunguka kijiji. Wajane wote wamekatazwa. Alikuwa amejiandaa kwa mchwa na mbuzi, si kwa mashemeji. Wakubwa wake wanataka miche iwe ardhini wiki hii, la sivyo wauhamishie mradi Endebess. Nikamwambia aongee na Wafula. Waliongea nje ya boma, wakacheka. Sikupenda kicheko kile.

Wafula akaingia. "Basi, itapandwa. Nitapanda mimi."

"Na itakuwa ya nani?"

"Ya aliyepanda, bana. Si unajua?"

Simiyu aliangalia viatu vyake. "Mama Nekesa, hewa haiulizi nani alipanda."

Mimi nauliza.

Ijumaa, 17 Aprili

Nilitaka kuiacha ikauke. Kweli kabisa. Nilipita na debe la maji bila kumwaga. Halafu nikarudi.

Kila mvua ule mteremko unamwaga udongo mwekundu mtoni. Nikiendelea kushindana, hautabaki udongo wa kugombania. Nimemwambia Wafula apande. Nimemwambia pia kwamba ni mwizi. Alichukua miche akaenda.

Jumapili, 24 Mei

Imeshika, karibu yote. Simiyu amepima. Anasema ataripoti kuwa njia imefaa hapa, na kwamba wenyeji wameikubali. Wafula alipigwa picha akiwa na suti.

Jioni nilikwea huko juu kupalilia. Wafula hapalilii. Manyunyu tu, hakuna mtu. Nilikaa kidogo pale ulipokuwa ukikaa kungoja tanuri lipoe.

Siku moja binti yetu Nekesa atazaa, na watoto wake wataambiwa hii ni miti ya babu Wafula. Sitabishana nao.

Wewe unajua nani aliitaka. Nikumbuke.