Nilikichoma Kisu cha Mkwe, Nikamsingizia Mhunzi

Mpendwa Bi Eustadia,

Nakusihi unisikilize hadi mwisho kabla hujanicheka, kwa maana jambo hili nimelibeba tangu masika na hata mke wangu Paskazia halijui. Mimi ni mkulima wa hapa Lusu, kiangazi huwa mrina asali na mwindaji, na nilipomwoa Paskazia baba yake, Mzee Mahona wa Puge, alinipa kisu cha kuchunia kilichofuliwa na rafiki yake, mhunzi Silasi, kwa springi ya lori bovu, kisu kizuri ajabu, kilichuna swala mzima bila kuomba kinoo, na mzee akasema mbele ya watu, "Mwanangu, ukiwa na hiki hutaazima cha mtu."

Sasa siku moja nilikuwa porini naandaa mizinga mipya, nta imeganda haipakiki, nikakichomeka kisu makaani mpaka kikawa chekundu, nikaipaka nta nacho nayo ikayeyuka vizuri, nikaendelea hivyo mzinga baada ya mzinga nikijiona mjanja, lakini tangu hapo chuma kimekuwa na rangi ya buluu, na nikikinoa makali hayamalizi hata mguu mmoja wa mbuzi. Kisha tukaingia porini na watu wa ukweni, tukapata pofu, mnyama mkubwa kama ng'ombe, kwa kibali cha bwana nyama, mzee akanipa mimi mkwe heshima ya kuchuna, nikakwama begani, ngozi naitafuna kama fisi kibogoyo, watu wanacheka, mzee akauliza, "We Masolwa, kisu nilichokupa kimekuwaje?" nami kwa aibu nikajibu, "Baba, labda Silasi alikudanganya kwenye chuma."

Mzee alipofika Puge alimtukana Silasi hadharani, hawasalimiani tena, na wawindaji wengine wamepeleka kazi zao kwingine, nasikia mhunzi anashinda kando ya mivukuto iliyotulia. Mwezi ujao tunaingia tena porini. Dukani kwa Nassibu, Kanyenye, nimeona kisu cha Ulaya kinachong'aa, kisichoshika kutu, ila jirani ananishauri nifuliwe cha tupa kuukuu ya kunolea chuma. Nichukue chuma gani nisiaibike tena? Na je, ni lazima mzee ajue?

Masolwa, Lusu


Masolwa,

Nimekucheka. Nilijizuia nikashindwa. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua, na wewe umemsingizia mhunzi kwa moto ulioupuliza kwa mdomo wako mwenyewe.

Tuanze na chuma, maana hapo shida yako ni ndogo. Hicho kisu cha Nassibu nimekishika. Kinang'aa, kinapendeza kwa kukata mkate. Kwenye ngozi ya pofu kitalala mapema, na kinoo chako cha jiwe la mtoni hakitakiamsha. Cha tupa ni kikali kweli na makali yake yanadumu, ila chuma chake ni kigumu mno: kipindishe kidogo kwenye kiungo cha mfupa, umebaki na mpini. Wewe unachuna na kukata viungo kwa kisu kimoja, basi springi ndiyo chuma chako. Ni vumilivu, na hunoleka hata porini. Hushika kutu, ndiyo, kwa hiyo ukimaliza kazi kifute damu, kipake mafuta ya ng'ombe, wala usikilaze kwenye ala yenye unyevu. Na nta, ndugu yangu, huyeyushwa chunguni! Mwanamume mzima na mizinga yako hujui chungu?

Moto wako ulikiondolea chuma ugumu, ila kisu hakijafa. Mhunzi atakipasha tena hadi kiwe chekundu, atakizamisha kwenye mafuta, si kwenye maji, maana maji huweza kuipasua springi, kisha atakisugua king'ae na kukipasha polepole mpaka chuma kipate rangi ya asali. Hiyo rangi wewe mrina asali unaijua. Ila mhunzi mwenyewe ni Silasi. Usikipeleke kwa mwingine.

Unauliza kama ni lazima mzee ajue. Masolwa! Mtu amekaa bila kazi kwa neno lako, nawe unaniuliza habari za visu vinavyong'aa? Aibu ya ukweni ni chungu, naijua, na nakuonea huruma. Lakini Silasi aibu yake hakuitafuta, ulimbebesha wewe. Mficha uchi hazai. Usimtume Paskazia akusemee, wala usinunue kisu kipya ukakifukia hiki.

Nenda Puge wiki hii. Pita kwanza kwa Silasi, umpe shikamoo yake, umweleze ulichofanya bila kuzungusha maneno. Halafu mwende nyote wawili kwa Mzee Mahona, ukaseme yale yale wawindaji wakiwapo, kwa sababu mbele yao ndipo ulipomwangusha. Mzee atafoka. Mwache afoke. Huenda safari ijayo heshima ya kuchuna akampa mwingine. Wewe shika miguu ya mnyama, unyamaze, ule utakachopewa.

Makali utayajaribu kwenye nywele za mkono wako ukitaka. Mimi usiniandikie kwamba kisu kimepona mpaka upite Puge asubuhi, usikie nyundo ya Silasi inalia.

Bi Eustadia