Namna Mia na Ishirini za Kusimama Mbele ya Kipaza Sauti

Dada Tusekile, huko ulikolala,

Kwa unyenyekevu mkubwa, na mbele ya wana wote wa kwetu Kisondela, naomba kutangaza kwamba watu watano wanaweza kusimama katika mstari mmoja kwa namna mia moja na ishirini. Si mia na kumi na tisa. Nilihakiki mwenyewe kwa daftari zima na penseli mbili, na hadi leo hakuna serikali iliyonipinga.

Wewe ulijua kabla yangu. Unakumbuka vigoda vitatu vya jikoni? Kimoja kilikuwa karibu na moto, kimoja mlangoni kwenye baridi, na kimoja upande ule ambao moshi uliupenda. Tulikuwa watatu, wewe, kaka Gwakisa na mimi, na nje mvua ya Tukuyu ikinyesha kama imeajiriwa. Tuligombania vigoda mpaka ukachoka, ukatupanga: jioni sita, namna sita, kila mmoja mara mbili motoni. Mimi nikaanza, Gwakisa akafuata, wewe ukajiweka jioni mbili za mwisho. Nilipouliza kwa nini, ulisema, "Mpangaji hukaa mwisho." Nilikuwa na miaka saba. Nikadhani ni kanuni ya hesabu.

Halafu ikaja miaka ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru. Maduka ya Tukuyu yakajaa vitu ambavyo tulikuwa tukivisikia tu, na kwaya yetu, baada ya kuuza ndizi msimu mzima, ikanunua kipaza sauti. Kimoja. Kilimsikia aliyesimama katikati, kikawasikia kidogo walio ubavuni mwake, na wa pembeni kikamwachia Mungu. Mstari wa mbele ulikuwa na wanawake watano, nawe ukiwa mmoja wao. Vita vikaanza.

"Mimi nimekuja kuimba au kushikilia ukuta?" Mama Atu aliuliza kwenye mazoezi.

"Mungu anakusikia hata ukiwa pembeni, mama," Neema akamjibu, mwenyewe akiwa ameshasimama katikati.

"Mungu sawa. Na watu je?"

Mimi, katibu wa kwaya, nikainuka na daftari. Nikasema tutasimama kwa kila namna inayowezekana, Jumapili moja namna moja, mpaka ziishe. Ziko mia na ishirini.

"Acha uongo, katibu! Watu watano tu hawa?"

Ukanitetea. "Wa kwanza ana nafasi tano za kuchagua," ulisema, ukihesabu kwa vidole. "Akishasimama, wa pili zimembakia nne. Tano mara nne, ishirini. Wa tatu ana tatu, zinakuwa sitini. Wa nne ana mbili, mia na ishirini. Wa mwisho hana la kuchagua, anasimama palipobaki."

Mama Atu akanigeukia. "Na wewe mambo haya umejifunzia wapi?"

"Kitabuni," nikasema.

Ulinitazama tu. Sikuwa na kitabu, dada. Nilikuwa na kigoda.

Nikaandika orodha. Ukimweka mmoja katikati, wanne waliobaki wanaweza kupangwa kwa namna ishirini na nne, kwa hiyo kila mwanamke angepata katikati Jumapili ishirini na nne. Haki tupu. Ila haki haisemi ianzie wapi. Pa kuanzia nilipachagua mimi, na wewe nikakuweka baada ya Jumapili tisini na sita.

Sababu nitaisema. Ulikuwa ukiimba Kiswahili kwa lafudhi ya Kinyakyusa. Siku moja walikuja wageni kutoka Mbeya mjini, vijana wao wakachekeana ulipoanza pambio, nami nikacheka nao kidogo, kwa adabu, wasije wakajua kuwa wewe ni ndugu yangu. Na sauti yako ilikuwa nzuri kuliko za wale wanne. Hilo nalo nililijua.

Orodha ilipobandikwa ukutani, Neema akakuchokoza. "Dada wa katibu, mbona ndugu yako amekutupa mkiani?"

Ukacheka. "Hajanitupa. Amenipanga kama nilivyokuwa nikijipanga mwenyewe nyumbani. Mpangaji hukaa mwisho."

Wakanipigia makofi kwa kutompendelea ndugu. Nikainamisha kichwa, wakadhani ni unyenyekevu. Mpaka leo sijui kama uliamini ulichosema, au uliona uso wangu ukaamua kuufunika.

Jumapili ya sitini na moja akaja mtu wa kurekodi kaseti. Katikati alikuwa Neema, na wewe ulikuwa mwisho kabisa kushoto, karibu na dirisha. Kwa mstari mmoja wa penseli ningeweza kuwabadilisha. Nikasema orodha ni orodha. Baadaye ukaanza kuumwa, na tulikuzika zikiwa zimebaki Jumapili nane ufike katikati. Wanne waliobaki wana namna ishirini na nne tu. Nilijishtukia nikizihesabu nikiwa bado msibani.

Sasa binti yako Lugano, uliyemwacha akiwa bado mchanga, anaolewa. Wiki iliyopita alikuja kwangu na redio-kaseti, ile kaseti ya kwaya ikiwa ndani, akaiweka mezani.

"Mjomba, sauti ya mama ni ipi?"

Tuliicheza mara tatu. Nilitega sikio mpaka nikasikia dirisha likigongwa na upepo, lakini wewe sikukusikia.

"Ile pale," nikasema. Ilikuwa ya Neema.

Akairudisha nyuma, akafumba macho, akatabasamu. "Kumbe mama alikuwa na sauti nyororo hivi!" Ameomba ipigwe siku ya harusi, wakati anaingia kanisani. Neema mwenyewe atakuwa amekaa benchi la pili.

Ndiyo maana nimekuandikia. Lugano ataisoma barua hii kwanza, kesho, kabla sijaibandika kwenye ubao wa kanisa. Nimeshaiandika mara nne na kila mara nilitafuta mahali pa kumweka huyu katibu ili asionekane vibaya. Sikupapata.

Sikuombi msamaha, maana wewe ungenipa haraka mno. Pumzika, dada. Usije kwangu ndotoni. Nenda kwa mwanao, umwimbie.

Ni mimi, mdogo wako wa mwisho.

Nimesahau kukuambia: siku hizi kwaya inapangwa kwa kimo, wafupi mbele. Hakuna anayelalamika.