Divai ya Henri Ilipofika Baraka

Baraka, tarehe 12 Agosti 1957

Mpendwa yaya Albert, kaka yetu mkubwa,

Pokea salamu za nyumba nzima. Kifua kimepona? Wasafiri wanatuambia baridi ya Élisabethville ni kali mwezi huu. Usilale bila blanketi. Shemeji na batoto wanaendeleaje? Sisi tuko wazima. Mama goti linamsumbua, lakini shamba la mihogo kule Lweba hataki kuliacha. Ndagala ni nyingi ziwani mwaka huu.

Sasa nikupe habari ya mdogo wetu Henri, maana tangu Jumamosi nashindwa kunyamaza.

Unajua, Serikali ilipowaruhusu watu weusi kununua divai, kampuni moja ya Usumbura ilimwajiri azunguke vijijini kuwafundisha watu divai ni nini, inatunzwaje na inanywewaje. Baba ni shemasi, tena alimzika ndugu yake aliyemalizwa na lutuku, ile pombe kali ya kienyeji. Akasema hampokei mtoto anayeishi kwa pombe. Miaka miwili Henri hakufika kwetu.

Basi Jumamosi akashuka sokoni, akapanga meza mbele ya duka la Nicolas, anayenunua divai kwa kampuni yake. Watu wakajaa. Nyuma kabisa nikamwona baba, kofia mkononi.

Yaya, sijapata kuona jambo kama lile! Henri alimimina kidogo, akainua glasi juani, ikawaka nyekundu. Akanusa, akafumba macho, akaonja, kisha akaitema yote ndani ya ndoo.

Mama mmoja akapiga kelele, "We Henri, unatema kitu ya bei vile?"

"Mama, mi iko na kazi ya kuijua, hapana ya kulewa. Nikimeza yote, nani atabafundisha?"

Akatueleza jinsi zabibu zinavyokamuliwa, na jinsi divai inavyokaa miaka gizani ikitulia. Akasema mwenye hasira asiiguse. Hata waliokuja kucheka waliacha midomo wazi.

Halafu akafungua chupa kutoka kreti ya Nicolas. Akaonja, akatema haraka. Uso ukabadilika.

"Hii iliungua na joto njiani, imekuwa siki. Musiinunue."

Nicolas akamshika mkono. "Henri, hii ni mali ya kampuni yako! Bakubwa bako batakufukuza!"

"Banifukuze. Bantu bangu siwezi kubafundisha uongo."

Akamwahidi kreti nyingine, akaimwaga ile ya siki mchangani chupa kwa chupa. Soko zima likasogea kutazama, yaya!

Baba akapenya hadi mezani. Akamwuliza, "Tangu asubuhi umeonja glasi ngapi?"

"Nyingi, baba."

"Na unasimama wima."

Akamtazama kwa muda mrefu, kama anavyolitazama ziwa kabla ya kusukuma mtumbwi. Kisha akainua sanduku la Henri begani, akatangulia njia ya nyumbani.

Mama alipotenga ugali, baba akasema, "Henri, tuombee chakula." Henri alianza, sauti ikakatika katikati. Baba ndiye aliyemalizia, naye machozi yakimshuka.

Kampuni itaamua nini, bado hatujui. Mwombee.

Shangazi Georgette anakusalimu, na binti yake Pulchérie pia, aliyejifungua salama. Bwana aliyetukutanisha mezani akutunze huko uliko, akurudishe tukiwa hai wote.

Ni mimi mdogo wako akupendaye sana,

Dorothée