Mguu Unatangulia, Mtani

Mtani wangu Yohana, Mgogo usiye na haya,

Binti yangu Tereza ndiye kashika kalamu, mimi natoa maneno. Nimemkataza kunyoosha chochote.

Siku tunakuzika hapa Tabora nililala kaburini mwako, kama mtani anavyotakiwa. Nikasema huyu hazikwi mpaka arudishe jembe langu. Watu wakacheka huku wanalia. Shida ikawa kutoka. Mguu wa kushoto uligoma, wakanivuta kama gunia la karanga. Wakadhani bado natania. Sikuwaambia.

Ningesemaje? Wewe ulipoanza kusimama kila nyumba ya tatu, umejishika kigimbi, nani alikucheka? Mimi.

"Babu yangu kabeba pembe toka hapa mpaka Bagamoyo! Wewe kufika stesheni tu unapumzika mara nne?"

Ukacheka. Halafu ukaacha kutembea na mimi. Tulipokuja kuuona mguu wako, vidole vilishakuwa vyeusi.

Basi mguu wangu ulipoanza kuwa baridi nikauficha vilevile. Tereza alipogundua akanipakia treni mpaka Dodoma, kwenu huko, nikapigwe picha ya mishipa. Asubuhi hata chai sikupewa. Wakaninyoa kinena, usicheke, wakatia ganzi, wakapenyeza mshipani kimpira chembamba kama uzi, wakamwaga dawa ya kuonyesha njia za damu. Joto likashuka mguuni utadhani nimejikojolea. Nikamwambia daktari mimi nilikabwa na chatu msitu wa Kaliua, nami nikamkaba, sembuse hiki. Meno yalikuwa yanagongana.

Nesi akasema, "Babu, masaa sita ulale chali. Mguu usikunje, kichwa usiinue. Na maji unywe mengi, yasafishe ile dawa."

Maji! Ugogoni! Babu zako waliwatoza babu zangu wapagazi hongo ndipo wachote kisimani, leo wajukuu zenu wananibembeleza ninywe.

Kitanda cha pili kalala mzee wa kwenu. Akauliza, "Mnyamwezi wewe?"

"Wa Tabora kabisa."

"Siku hizi mzigo ni nyie wenyewe?"

Yohana, mtani akikurushia neno utanyamaza? Nikajiinua nimjibu vizuri. Kinena kikalowa moto. Kutazama, shuka jekundu. Nesi akaja mbio, akakandamiza kwa mikono miwili mpaka jasho likamtoka, ananigombeza kama mtoto. Yule mzee hakucheka. Aligeukia ukutani, akasema polepole, "Nisamehe, mtani."

Neno hilo mimi sikuwahi kukwambia.

Kesho yake wakanionyesha picha. Damu inashuka vizuri kama njia ya msafara, ikifika gotini njia inapotea. Pori tupu mpaka kwenye nyayo. Daktari akasema ningewahi, pangepatikana pa kuzibua. Sasa hapapo.

Nimerudi nyumbani. Kidonda cha kinena kimefunga, nimebaki na doa jeusi kubwa kama sahani. Vidole viwili vimeshaanza rangi ya vyako. Jumatatu wanakata, juu ya goti.

Nimewaambia mguu wauzike pembeni yako. Wa kulala kwenye shimo lake na kukatalia humo ni wewe, na wewe ulishatangulia, kwa hiyo mguu utazikwa kimyakimya. Upokee. Ucheke mpaka ushibe, haki yako. Mimi niliucheka wako ukiwa bado unaweza kupona. Nisamehe.

Ni mimi mtani wako, mwenye miguu miwili mpaka Jumatatu.